Karatasi Tatu za Rula

Mstari ulipinda, na Rula hakuuona.

Hilo peke yake lilitosha kumfanya mdogo wake aache kuosha vitana, asimame katikati ya saluni mikono ikichuruzika povu. Kwa miaka kumi na tisa dada yake alikuwa akitoa mistari kwenye vichwa vya watu, imenyooka mpaka wateja wenyewe wakampachika jina la Rula. Mdogo, kwa kuwa alikuwa habanduki ubavuni mwa dada yake, wakamwita Kitana. Majina ya kwenye vyeti yakabaki kwenye vyeti.

Mteja wa siku hiyo alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata akichomwa na draya. Mstari wa tatu kichwani mwake ulianza vizuri juu ya paji la uso, ukafika utosini, kisha ukakata kona kuelekea sikioni kama mlevi aliyesahau kwake. Rula akaendelea kusuka juu ya kona hiyo. Vidole vyake vilikuwa vizito na vimevimba kidogo. Alikuwa amevaa sweta, na nje jua lilikuwa linapasua vichwa.

"Dada," Kitana akasema, "kapumzike kidogo. Mimi nitamalizia."

Zamani, kumwambia Rula neno kama hilo mbele ya mteja kulikuwa ni kujitafutia balaa. Siku hiyo alisema "haya", akaenda kwenye kiti cha kuoshea nywele, akaegemeza kichwa kwenye beseni na kusinzia. Kitana akafumua msuko wa tatu na kuanza upya. Mwalimu alimtazama kwenye kioo, asiseme kitu. Watu wapole wana mzigo wao: mgomvi angelalamika, ukajua la kumjibu.

Kupinda kwa mstari hakukumtisha Kitana sana. Mstari unafumuliwa. Kilichomtisha ni ile "haya". Mama yao alipofariki, Kitana alikuwa na miaka tisa na Rula ishirini na mmoja, na tangu siku hiyo Rula alimlea kwa chakula, ada na makaripio, makaripio yakiwa mengi kuliko vyote. Alimkaripia kwa kushika kitana vibaya, kwa kuchelewa, kwa kucheka na mdomo wazi. Sasa miezi saba ilikuwa imepita bila Kitana kukaripiwa hata mara moja. Aliunguza rasta za mteja kwa kiberiti, Rula akatazama tu. Kitana alikuwa na hofu moja, na hakuona haya kuikiri: dada yake alikuwa anaondoka huku bado amekaa palepale.

Miaka miwili nyuma Rula alipasuliwa shingo. Tezi ya shingo ilikuwa imevimba mpaka ikaanza kumbana koo, na madaktari wakaiondoa yote. Kazi iliyokuwa ikifanywa na tezi ikakabidhiwa kidonge kidogo cheupe: kimoja kila asubuhi, kwa maji, kabla ya chai, maisha yote. Rula hakuwa mtu wa kusahau. Alikimeza kila alfajiri kwa adabu ileile aliyonolea mikasi yake.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Baada ya hapo uchovu ukaingia, wakaenda kupima damu, na ndipo karatasi ya kwanza ilipotoka.

Daktari, mwanamume wa makamo mwenye kalamu nne mfukoni na moja tu inayoandika, aliwaeleza kwa kituo. "Humu kichwani mna msimamizi," alisema. "Kazi yake ni kuangalia kama homoni ya tezi inatosha kwenye damu. Ikipungua, anapiga kelele. Kelele zake ndizo hizi, TSH. Ikizidi, ananyamaza. Sasa msimamizi wako, mama, kanyamaza kimya, hata kukohoa hakohoi. Na homoni yenyewe, hii ya mstari wa chini, imepanda. Kwa hiyo kidonge chako ni kikubwa mno. Tunakipunguza."

Wakakipunguza. Rula akazidi kulala.

Miezi miwili baadaye ikatoka karatasi ya pili, na ilisema yaleyale kwa nguvu zaidi: msimamizi kimya, homoni juu. Kidonge kikapunguzwa tena. Kufikia hapo Rula alikuwa anavaa soksi mbilimbili mchana, sauti imekuwa nzito kama ya mtu aliyeshinda akishangilia mpira, na jina la mteja wa kila wiki linampotea katikati ya sentensi. Kitana alisoma mpaka kidato cha pili na si zaidi, lakini hata yeye aliona kuna kitu hakikai sawa. Mtu anatetemeka kwa baridi, unampima, unaambiwa anaungua, unamvua blanketi!

"Mama, humezi viwiliviwili kweli?" daktari aliuliza siku hiyo, bila ukali.

"Kimoja," Rula akajibu.

Waliporudi nyumbani Kitana aliona aibu kwa alichofanya, lakini alikifanya. Dada yake alipoingia kuoga, alifungua kabati na kuhesabu vidonge kimoja kimoja. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu boksi la thelathini lifunguliwe, na vilibaki kumi na tisa. Rula hakuwa amedanganya. Kitana akarudisha boksi mahali pake, akakaa kitandani akiwa amechanganyikiwa kuliko mwanzo.

Wiki moja baada ya mstari wa mwalimu kupinda, karatasi ya tatu ikatoka.

Daktari aliisoma mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliinyanyua saa yake, akashika kifundo cha mkono wa Rula na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Kitana naye akajikuta anahesabu, ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Arobaini na tisa," daktari akasema. "Karatasi inaniambia mwili huu unakimbia. Mkono unaniambia umelala." Akakuna kidevu. "Mama, nikuulize tena. Kuna dawa nyingine unameza? Mitishamba? Vitamini? Chochote cha dukani?"

"Hapana," Rula akasema.

Daktari alitazama karatasi zote tatu alizozipanga mezani. Ilikuwa wazi kwamba karatasi tatu zina uzito zaidi kuliko mkono mmoja. "Damu itolewe tena leo hii," alisema. "Ikitoka hivihivi, kuanzia Jumatatu tunasimamisha kidonge kabisa kwa wiki sita, tuone."

"Tusimamishe?" Kitana akadakia. "Lakini tezi hana, daktari. Mliitoa."

"Najua, dada. Lakini damu inasema homoni anayo ya kuzidi. Siwezi kuongeza maji kwenye ndoo inayomwagika."

Kitana alimtazama dada yake, akitegemea hasira, swali, hata kukunja uso tu. Rula alikuwa anatafuta mfuko wake wa mkononi, na mfuko ulikuwa mapajani.

Maabara ilikuwa mwisho wa korido, chumba chembamba chenye dirisha la kupokelea chupa na mashine moja kubwa iliyokuwa ikinguruma polepole. Mtu wa maabara alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi ili isianguke kwenye sampuli za watu. Alipoliona jina kwenye fomu akasimama.

"Huyu ndiye mwenye majibu yale?" aliuliza. "Yote matatu nimeyatia saini mimi. Nimeikagua mashine mpaka imenichukia. Haina kosa."

"Basi kosa liko wapi, kaka?" Kitana akauliza.

Mtu wa maabara alimfunga Rula mpira mkononi, lakini hakuchukua sindano. "Kabla sijatoboa," akasema, "unatumia vidonge vya nywele, mama? Vya nywele, kucha, ngozi, vile wanavyoviita vya urembo?"

"Hapana."

"Nauliza kwa sababu vina vitamini moja, bayotini. Mwili wenyewe haina ugomvi nao. Ila mashine kama hii yetu hunasa homoni kwa gundi, na gundi hiyo inashika bayotini. Damu ikijaa bayotini, inawahi nafasi zote, na mashine inahesabu ovyo. Kilicho juu inakisoma kiko chini, kilicho chini inakisoma kiko juu. Inageuza shati nje ndani."

"Situmii," Rula akasema.

Alilisema upesi mno, na Kitana aliijua hapana hiyo. Ilikuwa hapana ya saluni. Ni ile wasusi wanayompa mteja anayeuliza, "Eti, nywele zangu zimekatika sana?" Hutolewa hapohapo, kabla swali halijaisha, tena kwa tabasamu. Rula mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Halafu akalikumbuka kopo.

Lilikaa kwenye rafu ya kioo, kati ya mafuta ya nazi na boksi la vibanio: kopo la waridi la vidonge vya nywele, lenye picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu kama kamba ya mashua. Kitana ndiye aliyelileta. Kitana ndiye aliyewasifia wateja, "meza hivi, mwezi mmoja tu utaniambia." Zamani kopo moja lilimaliza miezi miwili. Siku hizi lilikuwa linaisha kwa wiki tatu, naye alifurahi akidhani maneno yake yameanza kuwaingia wateja. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa mbele ya macho yake, kimetazama kioo mchana kutwa.

"Kaka, usitoboe," akasema. "Mfungulie mpira. Tutarudi."

Rula hakubisha. Na hilo nalo lilimchoma Kitana.

Walipofika saluni, Kitana aliteremsha pazia, akageuza kibao upande wa "Tumefunga" ingawa ilikuwa saa sita mchana, akamkalisha dada yake kwenye kiti namba moja. Halafu akasimama nyuma yake, kama wanavyosimama wasusi, wakatazamana kwenye kioo. Kuna maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, hasa mkubwa aliyemfundisha hata kufunga vifungo.

"Dada," akasema, "vua wigi."

Kwa mwaka mzima Rula alikuwa anavaa wigi. Aliwaambia watu ni tangazo la biashara, wateja waone kazi ya mkono wake, na kweli lilikuwa wigi la kutia wivu, kalishona mwenyewe. Hakuna aliyehoji. Nani anamuuliza msusi habari za nywele zake? Kinyozi hajinyoi, watu husema, wakacheka, wakaketi kusukwa.

"Umesemaje?" Rula akauliza. Na machoni mwake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kukawa na kacheche ka ukali wa zamani.

"Vua. Tafadhali."

Nje mtu alijaribu mlango, akaguna, akaenda zake. Kisha Rula akapeleka vidole vyake vizito nyuma ya masikio na kulivua.

Kitana alikuwa amejiandaa, na bado alishika mgongo wa kiti. Pembeni palibaki nywele chache nyepesi. Katikati, kichwa kilikuwa kama uwanja uliochezewa mpira msimu mzima.

"Zilianza kudondoka baada ya upasuaji," Rula akasema polepole. "Nikachukua kidonge kimoja kwenye kopo lako. Kila wakinipunguzia dawa ya tezi, zinadondoka zaidi. Nikaongeza. Sasa hivi nameza sita asubuhi, ninapofungua mlango, wewe hujafika."

"Sita!"

"Nani atamkabidhi kichwa chake msusi mwenye kipara, Kitana? Niambie. Ungekuwa wewe ungekaa kwenye kiti hiki?"

Kitana alitaka kumwambia kwamba hapo hapana mantiki, kwamba nywele zilidondoka kwa sababu dawa imepungua, dawa ilipungua kwa sababu mashine ilidanganyika, na mashine ilidanganyika kwa sababu ya vidonge vya kuzuia nywele zisidondoke. Kwamba alikuwa anazunguka kama punda wa kinu. Lakini alichosema kilikuwa kingine.

"Daktari alikuuliza. Alikuuliza mbele yangu, dada."

"Ndiyo maana," Rula akasema. "Ungekuwa hupo, labda ningesema."

Kitana aliivuta stuli akakaa. Safari zote zile alizoambatana naye, akimshikia mfuko, akidakia majibu, akihesabu vidonge vya watu kabatini. Alijiona msaada mkubwa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa kizibo cha mdomo wa dada yake. Alimkasirikia Rula, akajikasirikia mwenyewe zaidi, halafu akalia bila kujificha, kwa kuwa kioo kilikuwa kinaonyesha kila kitu vilevile.

"Mficha maradhi, dada," alisema akijifuta. "Wewe ndiye uliyenifundisha msemo huo, nilipoficha jino."

"Ulikuwa na jino bovu kweli," Rula akasema.

Kitana alichukua kopo alitupe. Rula akamzuia: kuna wateja wamezoea, na vidonge vyenyewe havina kosa. Basi Kitana akabandika karatasi kwenye kopo, akaandika kwa herufi kubwa: UKIENDA KUPIMA DAMU, MWAMBIE DAKTARI UNAMEZA HIVI. Halafu akalifungia kabatini wiki nzima, bayotini iishe kwenye damu ya dada yake, akawa anatembea na ufunguo.

Siku saba zikapita bila kidonge cha nywele hata kimoja. Kile cheupe cha tezi, Rula aliendelea nacho. Siku ya nane mtu wa maabara mwenye miwani ya uzi akatoboa. Majibu yalitoka alasiri, na daktari aliyapokea akiwa ameketi, akayasoma akiwa amesimama.

Kelele za msimamizi, ambazo kwa mtu mzima hazipaswi kuvuka nne na kitu, zilikuwa themanini na sita. Homoni ya mstari wa chini ilikuwa imekaribia sakafu.

"Kumbe huyu hakuwa kimya," daktari alisema. "Anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na sisi tumeziba masikio. Nini kimebadilika?"

Kitana alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. "Mimi nasubiri nje," akasema, akainuka.

"Kaa," Rula akamwambia.

Akavua wigi lake, akaliweka juu ya meza, juu ya karatasi tatu za zamani. Alieleza yote kwa sentensi fupifupi, akipumzika katikati. Mwisho akasema, "Uliniuliza, daktari. Nilikuficha."

Daktari alilitazama wigi, halafu kichwa, halafu mkono ule aliouhesabia mapigo. "Mkono wako uliniambia ukweli," alisema. "Nami nikaiamini karatasi. Jumatatu ile ningekusimamishia dawa, mama." Hakusema ingekuwaje baada ya hapo, na hakuna aliyemuuliza. Akaandika kidonge kikubwa zaidi, kiongezwe kidogo kidogo ili moyo usishtuke, na kwa ile kalamu moja inayoandika akapiga mstari mwekundu juu ya majibu yote matatu.

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Wiki ya tatu Rula alivua soksi za pili. Wiki ya sita alimkumbuka mwalimu wa chekechea kwa jina, na jina la mume wake, na deni la uvumi aliokuwa hajamaliza kumsimulia. Wigi alilitundika ukutani na kusuka bila kitu kichwani, mwenye kushangaa ashangae. Wateja wawili walihama. Watano walisubiri saluni itulie, wakanong'ona, wakavua vitambaa vyao na kuonyesha nywele zilizokatika.

Mwezi wa tano, asubuhi moja kabla ya kufungua, Rula aliketi kwenye kiti namba moja na kusema zimefika urefu wa kusukika. Kitana akapaka mafuta, akashika kitana, akatoa mstari wa kwanza. Alikuwa anasimulia kisa cha mteja aliyetaka kufanana na bibi harusi wa mwenzake, akifika penye utamu anacheka, mkono unaendelea. Akatoa wa pili, akaanza kusuka.

Rula akapeleka kidole kichwani, akakipitisha taratibu kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Kioo hakukitazama.

"Huu wa pili umepinda," akasema.

"Wapi?"

"Hapo juu ya sikio. Fumua. Mimi nilikufundisha hivyo? Na ukisuka unyamaze, mdomo wako unavuta mkono. Miaka yote hii bado unashika kitana kama mwiko!"

Kitana akafumua. Mkononi kitana kikawa kinamteleza.

"Unalia nini?"

"Silii, dada."

"Unanidondoshea maji kichwani."

"Nimekwambia silii."

Akautoa mstari upya. Rula akaupima kwa kidole, polepole, asiruke mahali.

"Bado," akasema.

Kitana akafumua tena, na wala hakuwa na haraka ya kuunyoosha.